Kigoda cha Bibi na Majoka ya Bahari ya Kale

Nyumbani kwa bibi yangu Tumbe, kaskazini ya Pemba, kuna kigoda ambacho hakikuchongwa na fundi yeyote. Ni pingili ya uti wa mgongo, nene kama kinu kifupi, rangi yake ya chokaa iliyolala mvuani, na juu imelainika kwa miaka mingi ya kukaliwa. Babu aliiokota pwani kabla mimi sijazaliwa. Bibi huikalia akipaa samaki, na hakuna aliyewahi kuuliza ilikuwa ya nani.

Idi iliyopita mtoto wa dada yangu alikuja na simu mkononi. Alikuwa ametoka kutazama video ya mtambaazi wa baharini wa zama za kale, shingo kama mlingoti, meno kama misumari ya jahazi, na maandishi makubwa juu yake: spishi mpya yagunduliwa. Akakibinua kigoda, akakipiga picha pande zote, kisha akanijia. "Mjomba, na hiki je? Tukiwapelekea wataalamu si watakiita jina letu?"

Nilicheka, lakini jioni nzima swali lake halikunitoka. Habari za namna hii huandikwa kana kwamba mtu ameokota pete mchangani: jana haikuwepo, leo spishi mpya. Kinachookotwa ni mfupa tu. Upya wake hutafutwa mezani, mara nyingi kwa miaka, na hutafutwa kwa kulinganisha.

Asubuhi yake nikamchukua kijana tukateremka pwani kwa fundi wa vyombo. Chini ya mkungu palikuwa na mbao chakavu za kuchomea, na ndani yake taruma moja, yaani ubavu wa mbao, la chombo kilichovunjwa zamani. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu." Nikamwomba atwambie lile taruma ni la nini. Akaligeuza mara mbili, akapitisha kidole kwenye matundu ya misumari.

"La mashua. Lilikaa huku nyuma, karibu na tezi. La omo hubana kama kwapa, hili limepanuka."

Nikamuuliza, je, akikuta taruma asilolijua kabisa? Akafikiri. "Kwanza nitajishuku mimi. Nitasema labda limepinda kwa jua. Au ni la kidau cha mtoto, ndio maana dogo. Au watu wameunga mbao za vyombo viwili. Yakishindikana yote hayo, hapo nitakwambia chombo hiki kigeni."

Sijui kama alijua, lakini alikuwa ametueleza kazi yote ya wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika ardhini, pamoja na shaka zake tatu kubwa.

Tuanze na kigoda chenyewe. Ukila mchuzi wa jodari, usiutupe mgongo. Chukua pingili moja uitazame. Imebonyea pande zote mbili, mfano wa vikombe viwili vilivyogusana migongo. Pingili za ikthiosauri, watambaazi wa kale waliokuwa na sura ya samaki, zimebonyea vivyo hivyo huku na huku, tena ni pana na nyembamba kama kete za bao la dama. Za mosasauri, ambao ni jamaa wa kenge na nyoka, zina shimo upande mmoja na uvimbe upande wa pili, ili moja ikae ndani ya mwenziwe. Za plesiosauri, wale wa mapezi manne kama makasia na mara nyingi shingo ndefu, huwa karibu bapa, na kwa chini zina vitundu viwili vidogo vilivyopitisha mishipa ya damu. Kigoda cha bibi ni bapa pande zote, hakina vitundu hivyo, na ndani yake kumejaa vijitundu kama mkate wa kumimina. Tena ni chepesi kwa ukubwa wake. Mfupa uliogeuka jiwe mtoto yule asingeubinua kirahisi vile. Ni nyangumi, wale wanaopita kwetu kila mwaka wakati wa kusi. Kijana alinuna.

Ukitaka kuwatofautisha viumbe hawa wakiwa wazima, tazama mkia. Mkia wa pomboo umelala, unapiga juu na chini. Mkia wa papa umesimama, unapiga kushoto na kulia. Ikthiosauri alikuwa na umbo la pomboo na mkia wa papa, na alizaa watoto hai humo humo baharini. Kule Holzmaden, Ujerumani, wamechimbuliwa majike wakiwa na vitoto tumboni, wengine hata alama ya ngozi imebaki kwenye jiwe. Na hapa niseme jambo linaloniudhi kila nikilisoma: hakuna hata mmoja kati ya hawa watatu aliyekuwa dinosaria. Dinosaria ni ukoo mwingine, na wengi wao walikuwa wa nchi kavu. Kumwita plesiosauri dinosaria ni sawa na kumwita kasa ngamia kwa kuwa wote wanatembea polepole.

Sasa shaka ya kwanza ya fundi, taruma lililopinda. Mnyama akifa baharini huwa karamu: papa, kaa, minyoo, wote wanakuja. Mifupa inayookoka ni ile iliyozama penye tope laini lisilo na hewa ya kutosha, ikafunikwa kabla haijatawanywa. Maji yenye madini hupenya kwenye vijitundu vya mfupa, madini yakaganda, na tope lenyewe likawa mwamba kwa uzito wa tope jingine lililolala juu. Uzito huo hauna huruma. Mizoga mingi ya Holzmaden imebanwa ikawa bapa mfano wa ng'onda aliyepasuliwa akaanikwa. Basi ukiona fuvu lenye macho ya upogo au taya nyembamba kupita kiasi, huna haki bado ya kusema umepata mnyama wa ajabu. Huenda ni wa kawaida aliyekandamizwa.

Shaka ya pili ni ya kidau cha mtoto. Mtambaazi hukua kwa miaka mingi, na umbo lake hubadilika akikua: kichwa cha mdogo ni kikubwa kwa kiwiliwili chake, mifupa ambayo kwa mkubwa imeungana kwa mdogo bado iko mbalimbali. Majina mengi ya zamani yalikufa kwa sababu hii. Mtu aliita spishi, kumbe alikuwa akimwangalia mwana wa spishi iliyokwisha kujulikana. Siku hizi hukata kipande chembamba cha mfupa wakakitazama kwa hadubini, waone kama mnyama alikuwa bado anakua alipokufa.

Ya tatu, mbao za vyombo viwili, inafanana na kisa maarufu cha Marekani, ingawa pale chombo kilikuwa kimoja ila kimeungwa kinyume. Mwaka 1868 Edward Drinker Cope alipokea mifupa ya plesiosauri mrefu kutoka Kansas. Akampa jina Elasmosaurus, akampanga pingili kwa pingili, na akamwekea kichwa kwenye ncha ya mkia. Shingo ilikuwa ndefu mno hata akaiona mkia. Mtaalamu mwenziwe, Joseph Leidy, ndiye aliyelionesha kosa hadharani. Cope alijitahidi kuzikusanya nakala za makala yake zilizokwisha kutoka. Mimi simcheki sana. Ukitupiwa pingili zaidi ya 70 za shingo na hujapata kuona mnyama wa namna ile duniani, hata wewe ungetafuta pahala pa kuuficha mshangao.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha juzi, na ni cha watu waliojua kunyamaza. Mwaka 2016, pwani ya Lilstock huko Somerset, Uingereza, mkusanyaji wa visukuku aliokota vipande vya mfupa mnene vilivyounganika kufika karibu mita moja. Wataalamu, akiwemo Dean Lomax, wakautambua kuwa ni wa taya la chini la ikthiosauri mkubwa mno. Mwaka 2018 wakachapisha makala kuuhusu. Lakini jina hawakuupa. Mfupa mmoja, umelika, haujakamilika. Ungeweza kuwa wa spishi mpya na ungeweza kuwa wa inayojulikana. Wakaacha hapo.

Miaka minne baada ya kile kipande cha kwanza, mwezi Mei 2020, binti wa miaka 11 na baba yake walikuwa wakitembea Blue Anchor, pwani ile ile ya Somerset, wakaona vipande vya mfupa kwenye tope. Pale bahari hupwa na kujaa kwa kishindo, na wanawake wa Tumbe wanaokwenda kuchokoa pweza wangeuelewa mpango wao bila kufundishwa: unakwenda maji yakipwa, unatafuta haraka, unarudi kabla hayajakuzunguka. Walirudi mara nyingi, na wataalamu pamoja nao, kipande kwa kipande. Vilipounganishwa ulitoka mfupa wa zaidi ya mita mbili. Ni mfupa ule ule wa taya, sehemu ile ile kama ule wa 2016, na umbo lao lile lile.

Hapo ndipo neno mpya likapata nguvu. Mfupa mmoja wenye umbo la ajabu unaweza kuwa ajali: maradhi, mkandamizo, kasoro ya mnyama mmoja. Miwili, ya wanyama wawili, kutoka pahala pawili tofauti, ikiwa na alama zile zile ambazo ikthiosauri wengine hawana, si rahisi tena kuisingizia ajali. Mwaka 2024 wakamwita Ichthyotitan severnensis, kwa maana ya jitu la samaki-mjusi wa mto Severn. Miamba iliyomhifadhi ina umri wa miaka milioni 202 hivi. Walipoikata mifupa wakakuta kwamba mnyama alikuwa bado anakua.

Urefu wake walikadiria mita 25, kuliko majahazi mengi niliyoyapanda. Makisio hayo yanatokana na kulinganisha taya na la jamaa zake waliohifadhika vizuri zaidi, mmoja wao Shonisaurus sikanniensis wa Kanada. Jina nalikubali. Mita 25 nazichukua kama bei ya kwanza sokoni: huenda ikabaki, huenda ikashuka, ikipatikana mifupa ya mgongo tutajua.

Kati ya kuokota na kutangaza kuna kazi ambayo video hazioneshi kwa kuwa haipendezi. Jiwe huchokolewa kwa sindano ya chuma inayotetemeshwa na upepo, punje kwa punje, miezi. Kisha mtu hufunga safari za makumbusho kupima mifupa ya wengine. Kisha huja jedwali: maswali mamia, kila spishi inajibiwa ndiyo au hapana. Je, pingili zimebonyea? Je, meno yana mistari? Je, mfupa huu unagusana na ule? Kompyuta hupanga majibu hayo kuwa mti wa ukoo, na mnyama mpya huonekana ameangukia tawi gani. Mwishoni makala hupelekwa kwa wataalamu wengine wasiohusika, ambao kazi yao ni kuitilia shaka kama fundi wetu alivyojitilia mwenyewe.

Jina nalo lina sheria. Kwa wanyama hesabu inaanzia kitabu cha Carl Linnaeus cha mwaka 1758, na aliyetangulia kuchapisha kwa utaratibu ndiye mwenye jina. Jina hufungwa kwenye kisukuku kimoja maalumu, wanakiita holotaipu, ambacho hutakiwa kitunzwe pahala ambapo mtu mwingine anaweza kwenda kukitazama na kubisha. Kisukuku kilichofungiwa kabatini kwa tajiri hakifai, hata kiwe kizuri vipi. Shahidi asiyeweza kuhojiwa si shahidi.

Na neno mpya lenyewe lisitutishe. Popo mkubwa wa Pemba, yule anayening'inia mchana kutwa kwenye miti ya Kidike, aliingizwa kwenye orodha ya sayansi mwaka 1909 kwa jina Pteropus voeltzkowi, kumuenzi Mjerumani Alfred Voeltzkow. Wapemba walikuwa wakimla na kumtungia vitendawili tangu enzi na enzi. Alikuwa mpya kwenye daftari tu. Chui wa Unguja naye alipewa jina lake mwaka 1932 kama chui wa aina ya peke yake, na baadaye wataalamu wakamuunganisha na chui wengine wa Afrika. Jina la kisayansi ni hoja, na hoja huweza kushindwa hata baada ya miaka mingi.

Nani anachagua jina? Mwandishi wa makala. Ndio maana bahari za kale zimejaa majina ya mito na mabwana wa Ulaya. Mosasaurus maana yake ni mjusi wa mto Meuse tu. Lakini siku hizi mambo yanabadilika. Angola, ambako mifupa ya mosasauri na plesiosauri inapatikana kwa wingi pwani, kuna Prognathodon kianda aliyepewa jina mwaka 2008 kwa Kianda, mwenye bahari katika imani za watu wa huko, na Cardiocorax mukulu wa mwaka 2015, mukulu likiwa ni mhenga. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulisikia neno hilo. Kwetu bara, Mambawakale ruhuhu, mla nyama wa nchi kavu, alichimbwa bonde la Ruhuhu mwaka 1963 akapata jina mwaka 2022. Miaka 59 kwenye makabati. Waliompa jina walisema wazi kwamba wanatumia Kiswahili kuwaenzi Watanzania waliofanya kazi ile na majina yao hayakuandikwa.

Kijana alikuwa bado na hoja moja, na hii ninaisikia hata barazani. Je, hawa majoka si huenda bado wapo chini huko, tusiwaone? Mbona yule samaki silakanti aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na mwaka 2007 wavuvi wa Unguja wakamnasa mwingine kaskazini ya kisiwa? Ni swali la haki. Mkondo wa Pemba una kina cha mita 800 hivi, unaficha mengi. Lakini silakanti anapumua kwa mashavu, anaweza kukaa kwenye mapango ya chini maisha yake yote. Plesiosauri na mosasauri walikuwa na mapafu. Kama kasa na pomboo, ilikuwa lazima wapande juu kuvuta pumzi, mara kwa mara, mchana na usiku. Wavuvi wa Kojani hawajaacha kitu kinachopumua juu ya maji haya bila kukipa jina. Mabaki ya ikthiosauri yanakoma kwenye miamba ya miaka milioni 90 hivi iliyopita, na ya hao wawili kwenye ile ya miaka milioni 66.

"Basi tuchimbe hapa," akasema.

Hapa hatutawapata. Jiwe la matumbawe tunalokata kujengea, lile lenye chaza na konokono ndani yake, ni la enzi ya Pleistosini, ndani ya miaka milioni mbili na nusu iliyopita. Hata mawe mazee zaidi yanayoonekana juu ya ardhi ya visiwa hivi, ya Miosini, hayafiki miaka milioni 25. Majoka yalikuwa yamekwisha kutoweka zamani. Visukuku vyetu ni vya mambo mengine: kwenye pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wamepata mifupa ya punda milia, ushahidi kwamba Unguja iliwahi kuungana na bara kwa nchi kavu. Punda milia wa Jambiani si habari ndogo, ila kijana alikuwa na joka kichwani.

Nikamgeuza uso magharibi, nikamwonesha upande wa Tanga. Kule, kwenye mawe yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 250, kabla hata ya dinosaria wa kwanza, ulipatikana mtambaazi mdogo mwenye mkia mrefu uliobapa ubavuni, mkia wa kuogelea. Mwaka 1924 Sidney Haughton alimpa jina Tangasaurus mennelli. Jamaa yake wa Madagaska, Hovasaurus, amekutwa na vijiwe tumboni alivyovimeza, na maelezo yanayokubalika ni kwamba vilimsaidia kuzama. Kijana wa Tumbe ukimwambia farumi huna haja ya kumweleza zaidi. Chombo kisicho na mzigo hutiwa mawe ngamani ili kisiyumbe. Mjusi huyu alijitia mwenyewe.

Alinyamaza kidogo akiitazama bahari. Kisha akauliza boti ya Tanga inaondoka Wete siku gani, na nauli ya mtoto ni nusu au nzima. Sijamjibu bado, bibi alikuwa ameshaita kutoka uani: samaki wameletwa, na kigoda chake nani amekitoa.